Keris Nane na Chano cha Zaituni

Machakos, 6 Januari 1998

Mpwa wangu Safiya,

Assalaam aleykum. Sisi huku tuko hai, na kwa mvua hii hilo peke yake ni la kushukuru. Ramadhani imetukuta na ndoo tano ndani ya nyumba zikikinga matone. Mama yako Zaituni anafunga vizuri, ananishinda mimi. Anasema kama hujanenepa kwa huo wali wa Java atakuja mwenyewe akulishe. Sukari yangu iko palepale, haipandi haishuki. Barabara ya Masii imekatwa na maji mahali pawili na nguzo za simu zimelala chini, kwa hivyo usijisumbue kupiga dukani kwa jirani yetu Munyiva. Simu yake siku hizi ni pambo tu.

Sasa jambo lenyewe. Safiya, keris zangu, haya majambia yangu ya Java, zinakufa. Jana nilifungua sanduku nikakuta unyevu umeingia mpaka kwenye vitambaa. Zote nane zina kutu. Ile ya kwanza, niliyopewa na baharia wa Kijava pale bandarini Mombasa mwaka wa sabini na moja, nikampa saa yangu ya mkono, ndiyo imeharibika zaidi. Ule mchoro wake unaoitwa mchele uliomwagika, zile punje nyeupe zilizotawanyika ndani ya chuma cheusi, siuoni tena. Nimejaribu mafuta ya taa, nimejaribu mafuta ya nazi, nimesugua kwa majivu. Wapi! Chuma kimekuwa kijivu kitupu.

Wewe unajua kwamba mchoro ule haukuchorwa na mtu. Fundi alikunja chuma juu ya chuma kingine, akafua, akakunja tena, mpaka vile vyuma viwili vikaandikana vyenyewe. Babu yangu Mbithi alifua chuma Mitaboni maisha yake yote, majembe na mishale, na hakuwahi kutoa kitu kama kile. Mara ya kwanza kukiona nilikuwa kijana, na nilisimama pale gatini nikasahau kwenda kula.

Uko huko Solo, mji wenyewe wa keris, umefika kusoma lakini Mungu amekuweka karibu na yule mzee Pak Harjo aliyetuuzia hizi mbili za mwisho. Muulize ile dawa wanayooshea, inayorudisha mchoro. Nisaidie kabla ya Muharram, maana umesema huo ndio mwezi wao wa kuziosha. Watu wengine wana watoto wao wa kuzaa. Mimi na Zaituni tuna wewe, tuliyeachiwa na marehemu dada yangu, na mimi niko na hizi nane. Nakuomba, Safiya. Sijakuomba kitu tangu uondoke.

Mjomba wako,
Othman


Solo, 12 Februari 1998

Mjomba wangu mpenzi na Mama,

Waaleykum salaam. Idi nimeila peke yangu chumbani, nikalia kidogo, nikafua nguo, ikapita. Niko mzima. Masomo yanaendelea ingawa mji una hasira. Bei zinapanda kutwa mara mbili na watu wanapanga foleni ya mchele tangu alfajiri. Wanaleta keris za mababu zao sokoni wamezifunga kwa kanga, wanauza huku wamegeuza uso. Mjomba, ungekuwa hapa ungelia. Mwambie Mama sijanenepa, lakini asije, nitakula.

Dawa nimeipata. Nilitaka kukunyima, nikuambie imekosekana, kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukinipakata mlangoni pa duka lako la funguo na kunionyesha zile punje kwa ncha ya kidole. Sikuweza.

Sasa hii aya isome mara mbili. Unga huu mweupe ni sumu. Si kama ya panya, ni zaidi. Pak Harjo anauchanganya na maji ya ndimu, anafanyia nje penye upepo, anavaa glavu, na siku hiyo hali kitu mpaka amalize. Ana kihori chake cha mti alichorithi kwa baba yake na hakijawahi kuvuka mlango wa jikoni. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: chombo kitakachoshika dawa hii kisishike chakula tena. Kama huna pa kukiweka mbali, kipasuliwe, kizikwe.

Kipasuliwe, kizikwe. Niahidi, Mjomba. Niandikie kwamba umeahidi.

Mwanenu,
Safiya


Machakos, 3 Mei 1998

Safiya, nuru ya nyumba hii,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Mvua imepungua, mahindi ya watu wa Matuu yamesimama, na mimi nimerudi kuwa kijana wa miaka ishirini na tano! Kifurushi kilichelewa mpaka nikakata tamaa, kikafika wiki ya tatu ya Aprili. Siku ya kwanza ya Muharram, Jumanne, niliingia uani asubuhi nikiwa na ndimu kikapu kizima na glavu za mpira nilizoazima kwa Munyiva.

Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Ile ya baharia niliiosha kwanza. Niliipaka, nikaisuuza, nikaipaka tena, na mara ya tatu punje zikaanza kutokea moja moja, nyeupe, mpaka upanga wote ukajaa mchele. Nilipiga takbira peke yangu uani. Zaituni alitoka mbio akidhani nimeanguka. Zote nane zimerudi. Ile yenye mawimbi tisa ina mchoro kama mvua inayoshuka, nami miaka yote sikujua kwamba unafika mpaka kwenye ncha.

Kuhusu chombo, usiwe na wasiwasi. Nilipata kirefu cha mti kinachotosha keris nzima kulala. Nilipomaliza nilikiosha mara saba, ya kwanza kwa udongo, vile tulivyofundishwa kuosha chombo kilichoingia najisi. Mambo yote ni safi. Dawa iliyobaki nimeimwaga shimoni mbali.

Zaituni ananinyang'anya kalamu.

*Safiya mwanangu, ni mimi Mama. Huyu mjomba wako alinichukulia chano changu cha kukandia unga siku mbili nzima bila kuniuliza, kile nilichopewa na marehemu mama siku ya harusi. Nilitaka kumvunja mguu. Kimerudi cheupe, kinanukia ndimu, basi nimemsamehe. Leo nimekandia mahamri na yametumuka vizuri sana. Yeye na sukari yake hayagusi, nakula peke yangu kama bibi harusi. Vaa sweta. Mama.*

Ndiyo huyo. Unamwona bado ana maneno.

Mjomba wako mwenye furaha,
Othman


Solo, 24 Mei 1998

Mjomba,

Mama asikande kitu ndani ya chano. Asile kilichokandiwa humo. Kama upo unga humo saa hii, utupe. Ukisoma mstari huu simama uende jikoni kwanza, ndipo urudi umalizie.

Barua yako imefika jana tu. Katikati ya mwezi mji huu umechomwa, maduka, magari, siku mbili moshi hauishi, na posta ilifungwa. Nilikuwa nimejifungia chumbani na wenzangu nikimwomba Mungu anitoe salama, na kumbe wakati ule barua yako ilikuwa imelala mahali fulani kwenye gunia. Nimeisoma nimesimama. Nilipofika kwa maneno ya Mama nikatoka na barua mkononi.

Nilimkimbilia Pak Harjo. Nimemtafsiria. Aliniuliza kama mti huo umepakwa rangi au uko wazi. Nikamwambia uko wazi, umekandiwa unga miaka thelathini. Akashika kichwa. Mjomba, mti unakunywa. Huwezi kuuosha, hata mara sabini. Ile sheria ni ya najisi, si ya sumu! Kila akikanda, maji ya unga yanaivuta itoke. Tumbo litamuuma kwanza, atatapika, miguu itakufa ganzi, na daktari ataona kitu kingine. Mwambie daktari neno hili lililoandikwa: ARSENIKI. Mwambie nini kilitokea. Usione haya. Nakuomba kwa kaburi la mama yangu, dada yako, usione haya.

Nimepiga kwa Munyiva mara tisa, simu haiiti hata. Nimepeleka telegramu. Barua hii naiandika mara mbili, moja naituma kwa njia ya haraka na nyingine ya kawaida, yoyote itakayotangulia.

Ni mimi niliyekupa. Mungu wangu, ni mimi niliyeleta.

Safiya


Machakos, 5 Juni 1998

Mpwa wangu,

Salaam. Nimesikia redioni habari za huko na sijapata barua kwako tangu ile ya Februari. Nakuombea. Ukiweza andika hata mstari mmoja.

Sitaki kukutisha, lakini Mama yako hajisikii vizuri. Ilianza kama tumbo la kawaida wiki ya pili ya Mei. Kwenye zahanati wakasema ni taifodi, kama wanavyowaambia watu wote hapa tangu mvua zile, na kweli maji yetu yalichafuka. Amemaliza dawa za kwanza, akapewa nyingine. Anatapika. Amekonda. Anasema nyayo zake kama zimevaa soksi wakati hazijavaa kitu. Daktari amesema ni udhaifu, ale.

Ugali hautaki, muthokoi wa mahindi na maharage hautaki, uji anautapika. Kitu kimoja tu kinapita, mahamri. Na kwa vile hawezi tena kusimama, nayakanda mimi. Ungeniona ungecheka! Ananielekeza kutoka kitandani: tia maji kidogo, wee mzee, si kuosha gari hiyo. Nakaa chini na chano chake kati ya miguu, nakanda kila asubuhi mpaka mikono inauma, nampelekea ya moto, namkatia vipande vidogo. Jana alikula mawili mazima. Nilifurahi nikatoka nje nikajifuta macho.

Sijaenda posta siku nyingi, siwezi kumwacha; barua hii Munyiva atanitilia. Duka nimelifunga. Keris sijazitazama tangu augue. Mwombee, Safiya. Bila yeye mimi sijui hata sukari yangu inapimwa vipi.

Othman


Solo, 23 Juni 1998

Mjomba, barua yako ya tarehe tano imefika leo.

Unamkandia wewe.

Acha. Acha, acha, acha. Mpe maji, mpeleke hospitali kubwa, kodi gari, uza zote nane kwa yeyote atakayezitaka. Waambie arseniki. Natumai umekwisha kuzipata zile mbili na telegramu na barua hii unaisoma ukiwa na hasira nami kwa kelele zangu. Nigombeze. Niandikie unigombeze.

Safiya


Machakos, 24 Juni 1998

Safiya,

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mama yako Zaituni ametutoka Alhamisi tarehe kumi na moja, adhuhuri. Tumemzika siku hiyohiyo kabla ya magharibi. Watu wa msikitini walijaa, na Munyiva na wenzake wa kanisani walipika sufuria tatu za wali. Hakuna kilichopungua. Wanawake waliniambia wao watamwosha, nikakataa. Niliruhusiwa na sheria na nilimwosha mwenyewe, pamoja na bibi mmoja aliyeniongoza. Alikuwa mwepesi. Kwenye viganja vyake kulikuwa na vidoa vigumu vidogo, vimetawanyika. Niliviona na nikavihesabu na sijamwambia mtu.

Siku ya tisa baada ya mazishi nilikwenda posta. Kwenye sanduku nilikuta bahasha mbili zako na telegramu moja. Mhuri wa Machakos kwenye ile ya haraka ni wa tarehe nane Juni. Ilikuwa humo siku tatu yeye akiwa hai, nami nimekaa nyumbani nakanda unga.

Sijazifungua. Ziko hapa mbele yangu. Wewe huwa unaandika mara moja kwa miezi miwili, na hizi ni tatu kwa siku moja. Mimi si mjinga, Safiya. Wala si shujaa.

Nilikiosha mara saba. Ya kwanza kwa udongo, udongo msafi niliouchota juu kabisa mlimani Iveti, si wa njiani. Kilikuwa cha mama yake, ningekipasuaje? Ningemwambia nini? Nilisema moyoni, kama maji saba yanatosha kwa mbwa, hayatoshi kwa unga? Kila asubuhi nilikanda nikiangalia ule mti jinsi ulivyotakata, na nilijisifu.

Daktari ameandika taifodi. Karatasi iko na mhuri. Wewe umesoma, na uko karibu na wanaojua. Nakuomba uniandikie kwamba ilikuwa taifodi. Ukiandika wewe nitaamini. Nitaweza kuamka. Sasa hivi siamki, nalala tu pale upande wake nikisikiliza watu wakipita njiani.

Arobaini tutaisoma tarehe ishirini Julai, inshallah. Munyiva amesema mahamri ya hitima atayakanda yeye, kwa heshima ya jirani yake, maana watu hamsini watakuja. Nimempa chano.

Othman


Solo, 13 Julai 1998

Mjomba wangu,

Nimepata barua yako leo asubuhi. Mama yangu mzazi alipokufa nilikuwa na miaka minne na sikuelewa, nikadhani nimesamehewa jambo hilo maisha yangu yote. Mama Zaituni alinichana nywele kila Ijumaa kwa miaka kumi na minne. Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo, karatasi inalowa.

Nilipiga kwa Munyiva na simu ikaita. Imetengenezwa wiki iliyopita, anasema. Mwezi mzima niliiombea simu ile na imeita leo! Chano bado kilikuwa juu ya kabati lake, hajakitumia. Nimemwambia akurudishie leo hii, asikande kitu humo. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia ni mila yetu kwamba chombo cha marehemu hakitumiki kwenye hitima yake. Ameamini, maskini, ameomba radhi kwamba hakujua mila za Waislamu. Mungu anisamehe.

Zile bahasha mbili na telegramu zichome bila kuzifungua. Kuna nyingine ya tarehe ishirini na tatu Juni iko njiani, nayo ichome. Nilikuwa nimeingiwa na hofu kwa sababu ya vurugu za hapa, nikaandika upuuzi.

Mjomba, ilikuwa taifodi. Nimewauliza wanaojua. Maji ya mvua zile yaliwaua wengi. Ulimlisha kwa mkono wako mpaka mwisho, na hakuna mke aliyepata zaidi ya hapo.

Hitima nunueni mikate ya dukani. Na chano, usikitunze. Kipasuliwe, kizikwe.

Narudi nyumbani Disemba. Nisubiri.

Mwanao,
Safiya


Machakos, 2 Agosti 1998

Safiya mwanangu,

Assalaam aleykum. Baridi ya huku imekuwa kali, ukungu hautoki mlimani mpaka saa nne. Sukari yangu Munyiva ananipeleka kupimwa. Hitima ilisomwa vizuri na watu walikula mikate ya dukani, hakuna aliyelalamika.

Chano nimekipasua. Hakikupasuka upesi, mti ule ni mgumu, nilitumia shoka la jirani. Ndani ya ufa mti ulikuwa na weupe ulioingia ndani karibu upana wa kidole. Nilichimba shimo refu kwenye kona ya uani ambako hakulimwi kitu. Kisha niliingia ndani nikatoa sanduku. Nilizitazama moja moja kwa mara ya mwisho, na zilikuwa zinang'aa, Safiya, bila hata doa moja la kutu. Ile ya baharia ilikuwa na mchele wote. Nikazilaza zote nane juu ya vipande vya chano nikafukia. Usinigombeze. Sikuweza kuwa na vitu vizima hivyo ndani ya nyumba.

Zile bahasha zako tatu na telegramu nimezitia humo humo, kama zilivyofika. Sikufungua hata moja. Sikuwa na haja.

Kila anayeniuliza namwambia ilikuwa taifodi, Safiya amesema, naye amesoma. Wanatikisa vichwa na kunipa pole. Disemba nitakuja kukupokea uwanja wa ndege. Sweta yako Mama aliifuma ikabaki mkono mmoja, Munyiva anaimalizia.

Tangu ukiwa mdogo hukuwahi kujua kusema uongo. Ukijaribu unasema neno moja la ziada. Lakini ahsante, mwanangu. Ahsante kwa kujaribu.

Mjomba wako,
Othman